Kamera Yenye Kioo na Isiyo na Kioo: Ipi Imfae Mpiga Picha wa Kinoo?

Ndani ya kila kamera ya DSLR mna kioo kidogo kilichoinama nyuzi 45 nyuma ya lenzi. Mwanga unaoingia hukigonga, ukapanda hadi kwenye vioo vingine au prizimu iliyo juu yake, kisha ukamfikia jichoni mpiga picha anayechungulia. Kitufe kinapobonyezwa, kioo hujiinua, pazia la shata hufunguka, mwanga huangukia sensa, na kioo hurudi mahali pake. Sehemu kubwa ya ule mlio unaosikika kanisani maharusi wanapovishana pete ni ya kioo hicho. Kamera mpya zimekiondoa kabisa. Mwanga hutoka kwenye lenzi ukaenda moja kwa moja kwenye sensa muda wote, na anachokiona mpiga picha ni taswira ya skrini, ama ile ya nyuma ya kamera ama ile ndogo iliyo ndani ya kidirisha cha kuchungulia.

Aina hizi mbili hukutana kila Jumamosi Kinoo, nje kidogo ya Nairobi. Katika mitaa iliyo kandokando ya Waiyaki Way, kati ya Uthiru na Muthiga, kazi ya picha ni ruracio (sherehe ya mahari), harusi, mahafali, mazishi na ibada, na anayeianza kwa kawaida huwa na pesa za DSLR iliyotumika, si za kamera mpya. Mfano mzuri wa kulinganisha ni Canon EOS 1100D ya mwaka 2011 na EOS R50 ya mwaka 2023. Zote mbili ni za kampuni moja, zote zilitengenezewa wanaoanza, na sensa zao zinakaribiana ukubwa, takriban milimita 22 kwa 15. Kati yao imepita miaka 12, na ndani ya miaka hiyo biashara nzima ya kamera iligeuka. Panasonic ilitoa Lumix G1 isiyo na kioo mwaka 2008, Sony ikaleta a7 mwaka 2013, Canon na Nikon zikaingia kwa nguvu mwaka 2018, na kufikia mwaka 2020 kampuni hizo mbili zilikuwa zimetoa DSLR zao za mwisho.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye fokasi. Kwenye DSLR, sehemu ya mwanga hupenya katikati ya kioo na kushushwa hadi kwenye kifaa maalumu kilicho sakafuni mwa kamera, ambacho ndicho hupima fokasi. Kifaa hicho kina vituo vichache. 1100D ina 9, vyote vikiwa karibu na katikati ya picha. Tena, kwa kuwa kinachopima si sensa yenyewe, hitilafu ndogo ya mpangilio hutosha kuifanya fokasi iangukie sikioni badala ya jichoni, hasa lenzi inapofunguliwa sana. R50 hupima fokasi juu ya sensa ileile inayopiga picha. Hutambua mtu, ikatafuta uso, ikashika jicho, na ikalifuata hata mtu anapotembea. Msafara wa akina mama wanaoingia kwenye ruracio wakiimba na kucheza, huku vikapu vikipita mbele ya nyuso, huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwenye 1100D anapaswa kuchagua kituo cha katikati, kukiweka juu ya uso mmoja, kufunga fokasi kisha kupanga picha upya, na kwa picha 3 tu kwa sekunde akikosa nafasi amekosa. R50 hupiga hadi 12 kwa sekunde kwa shata yake ya kawaida, na jicho linabaki limeshikwa.

Jambo la pili ni kuona mwanga kabla ya kupiga, na kwa kazi za hapa huenda ndilo linalookoa picha nyingi zaidi. Kipimamwanga cha kamera huchukulia kwamba mandhari iliyo mbele yake ina mng'ao wa wastani. Gauni jeupe na hema jeupe vikijaza picha, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Gauni hutoka la kijivu, na uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi huzama gizani, sura ikapotea. Anayejua kazi huongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi kulingana na alivyoona. Lakini kidirisha cha DSLR humwonyesha dunia jinsi jicho linavyoiona, si jinsi sensa itakavyoirekodi, kwa hiyo hana budi kupiga, kuangalia skrini ya nyuma, kurekebisha, na kupiga tena. Jua la saa sita mchana likimulika skrini hiyo, hata kuangalia huko ni kwa kubahatisha. Kwenye R50 picha huonekana kidirishani ikiwa na mwanga itakaokuwa nao. Uso ukiwa mweusi mno, mpiga picha huuona kabla hajabonyeza chochote. Ndivyo ilivyo kwa rangi pia. Hema la buluu au la kijani hupaka rangi yake kwenye mashavu ya wageni walioketi chini yake. Jicho la binadamu hujizoeza na kuacha kuliona hilo, ilhali kidirisha cha skrini huonyesha rangi kama kamera itakavyoirekodi. Kupiga kwa mfumo wa RAW huruhusu kurekebisha rangi baadaye kwa kamera yoyote kati ya hizi mbili, ila ni kazi ya usiku kucha kwenye kompyuta.

Kwa ubora wa picha tulivu yenye mwanga wa kutosha, pengo ni dogo kuliko wauzaji wanavyodai. 1100D ina pikseli milioni 12.2 na R50 ina milioni 24.2. Picha ya A4 inayochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli milioni 8.7 tu, na picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa mno, kwa hiyo tofauti hiyo haionekani kabisa. Mwanga unapopungua ndipo sensa mpya inaposhinda: kwenye ISO, yaani kipimo cha wepesi wa sensa kwa mwanga, 1100D huishia 6400 ikiwa imejaa chembechembe, wakati R50 hufika 32000 na bado picha za ISO 6400 zinatumika vizuri.

Hata hivyo lenzi huweza kuvuruga hesabu hiyo yote. R50 mara nyingi huuzwa na lenzi ya 18-45mm ambayo tundu lake, ikivutwa hadi mwisho, halifunguki kupita f/6.3. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi za Canon, huingiza mwanga takriban mara 12 zaidi ya hiyo. Ukumbini jioni, 1100D kuukuu yenye lenzi ya 50mm inaweza kutoa picha safi kuliko R50 mpya iliyobaki na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi. Mwenye pesa kidogo atafaidika zaidi akizitia kwenye lenzi kuliko kwenye kamera.

Kwa video hakuna mjadala. 1100D hurekodi kwa ubora wa 720p, haifuati fokasi mtu anaposogea, na haina tundu la kuchomeka maikrofoni, hivyo sauti ya mchungaji hurekodiwa na maikrofoni ndogo ya kamera pamoja na kelele zote za ukumbi. R50 hurekodi 4K, hushika uso wakati wote, na ina tundu la maikrofoni. Familia nyingi sasa hutaka video fupi ya kuweka mtandaoni siku ileile, na R50 huhamisha faili kwenye simu kwa Wi-Fi, jambo ambalo 1100D haiwezi.

Kamera isiyo na kioo ina gharama zake. Skrini na sensa zinazowaka muda wote hula betri. Kwa vipimo vya watengenezaji, R50 hupiga takriban picha 310 kwa kutumia kidirisha, 1100D takriban 700, na Nikon D3500 ya mwaka 2018 hufika 1,550. Harusi inayoanza kwa kumvisha bibi harusi alfajiri na kuisha usiku huhitaji betri tatu au zaidi, zote zikiwa zimechajiwa, na stima ikipotea usiku wa kuamkia kazi, tatizo ni kubwa. Uzito ni nafuu kidogo: gramu 375 dhidi ya 495. Vumbi nalo ni la kuangaliwa. Kwenye DSLR, kioo na pazia la shata husimama mbele ya sensa lenzi inapobadilishwa, ilhali R50 huiacha sensa wazi, na udongo mwekundu wa kiangazi haungoji kualikwa.

Hata ukimya una masharti. Shata ya kielektroniki haitoi sauti, na hiyo ni heshima kubwa mazishini, lakini husoma sensa mstari kwa mstari. Umeme wa Kenya ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Picha ikipigwa kwa kasi kubwa chini ya taa hizo, hupata mistari ya giza. Kasi ya 1/50 au 1/100 huondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Anayehama kutoka Canon hadi Canon hatupi lenzi zake. Lenzi za EF zilianza mwaka 1987 na zimejaa katika soko la vitu vilivyotumika. Kwenye DSLR, lenzi hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa. Kwenye R50, milimita 20. Adapta hujaza nafasi hiyo ya milimita 24 bila kioo chochote ndani, na fokasi hufanya kazi kikamilifu. Kinyume chake hakiwezekani. Fleshi ndiyo huwashtua wengi: R50 haina viunganishi vya kawaida vya fleshi za zamani, kwa hiyo huhitaji adapta nyingine iitwayo AD-E1. Tatizo hilo haliko kwa kamera mpya pekee, kwani DSLR ya EOS 4000D ya mwaka 2018 haina pini ya katikati, na fleshi nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini haziwaki juu yake.

Kwa hiyo anayepiga picha tulivu, nyingi zikiwa za mchana, bado anaweza kujipatia riziki kwa DSLR, lenzi ya 50mm na fleshi nzuri. Anayeuza video, au anayewapiga picha watu wanaotembea gizani, atapoteza muda na wateja akibaki nayo.

DSLR iliyotumika, iwe ya maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi au ya jirani, hukaguliwa papo hapo kabla ya kulipa. Kwa Nikon, idadi ya picha ambazo shata imepiga huandikwa ndani ya faili ya picha yenyewe, na shata ya D3200, kwa mfano, ilijaribiwa kwa mizunguko 100,000. Kwa Canon idadi hiyo haiandikwi kwenye picha, kwa hiyo huhitaji programu maalumu. Picha ya ukuta mweupe ikipigwa kwa f/16 huonyesha vumbi la sensa kama madoa meusi. Lenzi humulikwa kwa tochi ya simu kutoka nyuma: nyuzinyuzi zinazotambaa ndani yake ni kuvu, ambayo hupenda mikoba iliyofungwa wakati wa baridi na unyevu wa Julai. Kuisafisha ni ghali, na alama zake mara nyingi hubaki.