Kabla Hamjapeleka Pesa kwa Mpiga Chapa



Chini ya meza ya mweka hazina wetu hapa Kapsoya kuna katoni ya brosha za rangi zinazong'aa, kama 1,400 hivi. Hazina kazi. Kikundi chetu hukodisha viti na hema kwa harusi na matanga, na faida inasomesha mayatima wa mtaa. Tulipochapisha brosha 2,000 tulijua wateja watamiminika. Baada ya miezi minne mwenye simu ya kupokea oda akahama na namba yake. Tukaanza kukata namba kwa kalamu na kuandika nyingine juu, lakini mtu akiona karatasi imekatwakatwa hivyo anauliza kama sisi ni matapeli. Pesa zenyewe zingelipa karo ya watoto wawili. Na kosa lilikuwa letu, si la mpiga chapa.

Kwa nini tulichukua 2,000? Kwa sababu tuliambiwa nyingi ndiyo rahisi. Hiyo ni kweli, lakini nusu tu. Mashine kubwa ya chapa hutumia bamba, na kila rangi ina bamba lake. Picha ya rangi kamili inataka mabamba manne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Gharama ya kutayarisha mabamba ni ile ile, mchapishe karatasi moja au elfu tano. Fotokopi na printa ya kompyuta hazina bamba, kwa hivyo kila karatasi inajilipia yenyewe.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mashine kubwa inataka shilingi 3,000 za matayarisho, halafu shilingi 2 kwa karatasi. Fotokopi ni shilingi 5. Mkitaka karatasi 300, fotokopi ni 1,500 na mashine kubwa ni 3,600. Zinalingana kwenye 1,000. Kutoka hapo kwenda juu, mashine kubwa ndiyo nafuu. Wekeni bei mlizopewa nyinyi, mtafute mahali zinapokutana. Halafu mjiulize: hizi karatasi 1,000 zitagawiwa na nani, na wapi? Sisi hatukujiuliza. Watu sita wakigawa hamsini hamsini, hiyo ni 300, na kazi imeisha.

Kipeperushi si lazima kiwe ukurasa mzima. Karatasi ya A4 ikikatwa mara nne inatoa vinne vya kutosha mfukoni. Kwa hiyo vipeperushi 300 ni karatasi 75, na kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 375. Wino mweusi juu ya karatasi ya manjano unaonekana kutoka mbali, na hamjalipia rangi hata moja zaidi. Andikeni herufi kubwa. Wazee wengi wanaokodisha hema hawatembei na miwani.

Sasa jambo ambalo lingetuokoa: chapisheni yale yasiyobadilika, na yanayobadilika yapigwe muhuri. Jina la kikundi na kazi yake vitakaa. Namba ya simu, bei na jina la mwenyekiti havikai. Acheni nafasi tupu chini, mtengeneze muhuri wa mpira wenye namba. Namba ikibadilika mnabadilisha muhuri, karatasi zinabaki. (Karatasi inayong'aa haishiki wino wa muhuri vizuri, ndiyo maana zetu hazikuokoka.) Hata serikali hubadilika. Waliochapisha barua nyingi zenye kichwa cha "Mkoa wa Bonde la Ufa" walibaki nazo kaunti zilipoanza 2013, na Eldoret yenyewe ilikuwa manispaa hadi ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024.

Bango la plastiki hulipiwa kwa mita ya mraba. Msiandike mwaka wala tarehe juu yake, mtalitundika tena. Hakikisheni lina matundu ya chuma kwenye kona, maana upepo wa huku mnaujua.

Mfadhili naye hataki brosha. Anataka kujua mmefanya nini na pesa zimeenda wapi. Ukurasa mmoja uliochapwa saiba unatosha, nakala kumi tu, na kila mwaka mnaandika mpya. Jina liwe lile lile la cheti chenu cha usajili na la benki, neno kwa neno. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, cheti ndicho kinachoonyesha kikundi ni nani, na jina likitofautiana mtaulizwa maswali mengi.

Mkienda kuuliza bei, nendeni watu wawili, mfike maduka matatu, na kila duka liandike: karatasi ya gramu ngapi, rangi ngapi, upande mmoja au miwili, kukata na kukunja kumo au hakumo. Mkinunua karatasi wenyewe, ipimeni. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa kama kilo mbili na nusu. Ya gramu 70 haifiki kilo mbili na robo. Mizani ya duka la unga itawaambia kama mmeuziwa nyepesi kwa bei ya nzito.

Msilipe pesa zote kabla ya kuona nakala ya kusahihisha. Isomwe na mtu ambaye hakuiandika, kwa sauti, taratibu. Kisha mwiteni jirani asiye mwanakikundi, apige ile namba iliyo kwenye karatasi. Simu ikilia mfukoni mwa mtu wenu, hapo sasa tieni sahihi.