Nani humkimbilia nani?

Kwa miaka mingi, basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Korogwe halikuwa na ujanja: lazima lipite Segera. Segera si mji mkubwa, lakini ndipo barabara ya Dar es Salaam inapokutana na ya Tanga na ya Moshi. Kisha lami ikatandazwa kutoka Mkata, kupitia Handeni, hadi Korogwe. Segera haikupungukiwa nyumba wala mtu. Ila sasa dereva ana njia ya pili, na nguvu ya njia panda ile si ile ya zamani.

Aliyeelewa hilo ameshaelewa nusu ya uchambuzi wa mitandao ya kijamii. Sisemi WhatsApp wala Facebook. Wanasosholojia walikuwa na mitandao yao kabla ya simu za mkononi. Kwao mtandao ni watu pamoja na mafungamano yao: nani humkopa nani, nani humwomba nani ushauri, nani hubishiwa hodi usiku mtoto akichemka homa. Dodoso la kawaida litakuuliza umri, elimu na ekari. Dodoso la mtandao linakuuliza jina la mtu.

Jacob Moreno alichapisha michoro ya nukta na mistari, nukta zikiwa watu na mistari mafungamano yao, Marekani mwaka 1934. Lakini fani hii ina deni kubwa kwa Afrika, na halitajwi vya kutosha. Katika miaka ya 1960 Bruce Kapferer alikaa na mafundi cherehani wa kiwanda kimoja cha nguo mjini Kabwe, Zambia, akiandika nani huongea na nani na nani humsaidia nani kazini. Jaribio la kwanza la mgomo lilishindikana. Miezi michache baadaye, wengi wao wakiwa ni walewale, mgomo ulifanikiwa. Katikati ya nyakati hizo mbili, mafungamano yao yalikuwa yameongezeka.

Tujaribu wenyewe. Tuseme kuna kikundi cha VICOBA cha wanawake kumi pale Manundu, Korogwe. Kila mmoja anaulizwa: ukikwama, unamwendea nani humu? Majibu yanaandikwa kwenye jedwali, majina kushoto na majina yaleyale juu. Palipo na fungamano andika 1, pasipo nalo andika 0. Watu kumi wanaweza kuunda jozi 45. Tukipata mistari 15, theluthi moja ya mafungamano yanayowezekana ipo. Huo ndio msongamano wa mtandao.

Halafu tunatazama nafasi ya kila mmoja. Mwenyekiti huenda ana mistari saba, lakini yote inaishia kwa wanawake wanaojuana tayari. Mwenzake mwenye mistari mitatu tu huenda ndiye pekee anayefahamiana na wauza mahindi wa gulioni Handeni. Bei ikipanda kule, habari inapita kwake kwanza. Huyo ndiye Segera ya kikundi. Mwaka 1973 Mark Granovetter alieleza kwa nini habari mpya, hasa za kazi, mara nyingi huletwa na mtu tunayefahamiana naye kwa mbali: rafiki wa karibu anajua yaleyale tunayoyajua sisi. Naamini kampeni nyingi za kilimo na afya vijijini hukwama hapa. Ujumbe unakabidhiwa mwenye cheo, wakati anayeufikisha ni mwingine.

Kwa Tanzania, kazi ya kuisoma kwa makini ni ya Nyakatoke, kijiji cha Wahaya mkoani Kagera. Mwaka 2000 Joachim De Weerdt na wenzake walizihoji kaya zote 119, wakiuliza ni nani wanayeweza kumtegemea, au anayewategemea wao, kwa fedha, vitu au nguvu kazi, awe wa ndani ya kijiji au wa nje. Kuwafikia wote ni jambo zito. Ukihoji theluthi ya kijiji cha Handeni siku ambayo wafugaji wako malishoni, unachora wavu uliotoboka na kudhani ndivyo ulivyofumwa.

Majibu ya Nyakatoke mara nyingi hayakulingana: huyu anamtaja yule kuwa tegemeo lake, yule hamtaji kabisa. Mtafiti afanyeje, auchore mstari au aufute? Mimi ningeuacha ukiwa na mshale wa upande mmoja, kwa sababu kutotajwa nako ni habari. Na majina ningeyageuza namba kabla karatasi haijatoka kijijini, maana orodha ya nani humkopa nani inaweza kuvunja ujirani.

Undugu, ujirani, ukoo, dini na mali ndivyo vilivyofunga nyuzi nyingi pale Nyakatoke. Kaya maskini zilikuwa na nyuzi chache kuliko zenye uwezo. Mvua ikikosa Handeni na mahindi yakakauka mabuani, mwenye sababu kubwa zaidi ya kubisha hodi ndiye mwenye milango michache ya kubisha. Mlango wake ndio ningeanza kuubisha mimi, siku ya kwanza ya mahojiano.