Usugu wa Bakteria wa Kifua Kikuu

Streptomaisini ilipogunduliwa Marekani mwaka 1943, wengi walidhani kifua kikuu kimepata kiboko chake. Jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1948 likaonyesha mengine: wagonjwa wengi walipata nafuu kwa miezi michache, kisha baadhi yao wakazorota, na bakteria waliotoka katika makohozi yao hawakudhuriwa tena na dawa.

Si sahihi kusema kwamba bakteria huizoea dawa kama mtu azoeavyo pilipili. Kila agawanyikapo, bakteria hunakili chembe zake za urithi, na mara chache sana nakala hutoka na kosa. Tundu moja katika pafu lililoharibika huweza kuwa na bakteria milioni 100. Katika kila milioni 1, mmoja hivi huwa tayari ana kosa linalomkinga na isoniazidi, hata kama mgonjwa hajaonja dawa hiyo. Dawa huwaua wenzake. Yeye husalia na kuzaana.

Kwa rifampisini, kosa la namna hiyo humpata mmoja katika milioni 100 hivi. Basi kumpata mwenye makosa yote mawili kwa bahati tu kungehitaji bakteria trilioni 100, idadi isiyoenea mapafuni. Kwa sababu hiyo dawa hutolewa kwa pamoja.

Aghalabu kosa hilo humdhoofisha bakteria, akakua polepole. Lakini huweza kufuata kosa jingine, katika chembe ya urithi iliyo jirani, likamrudishia nguvu. Na hapo usugu hudumu hata dawa isipotumika.