Kabla ya Kuhamia Ng'ambo na Kazi ya Kompyuta

Siku hizi kuna vijana wetu, na hata akina baba na akina mama, wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa nyumbani huku mwajiri wao yuko Ulaya au Marekani. Wengine wanaandika, wengine wanatafsiri, wengine ni wahasibu au watengenezaji wa programu. Malipo yanaingia kwa benki au kwa simu. Basi wengi wameanza kuuliza: ikiwa kazi yangu naweza kuifanyia popote, mbona nisihamie nchi tulivu nikaishi huko? Swali ni zuri. Lakini lijibiwe polepole, kwa maana wako waliolijibu haraka wakaona taabu.

Kwanza kabisa, msomaji, elewa kwamba kibali cha kuishi ugenini ukifanya kazi ya mbali hupewa mtu ambaye tayari ana kazi. Nchi hiyo haikuajiri. Inataka uje na mapato yako, uyatumie madukani kwao, na usichukue kazi ya mwenyeji. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Leta pesa nikutafutie viza, kazi ya kompyuta utaipata hukohuko," mkimbie. Tangu mwaka 2022 serikali yetu imekuwa ikionya kuhusu Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka mpaka Myanmar, wakafungiwa katika majumba na kulazimishwa kuwalaghai watu kwa mtandao. Mwaka 2025 tena kuna Wakenya waliookolewa huko na kurudishwa nyumbani. Hao hawakuwa watu wajinga. Walikuwa watu waliotaka kazi.

Sasa, nchi tulivu ni ipi? Wengi wetu tukisikia utulivu tunafikiria vita tu: hakuna bunduki, basi kuna amani. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mtandao hiyo ni nusu ya habari. Uganda ilifunga intaneti kwa siku kama tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania nayo ilifunga siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na ikachukua siku kadhaa kabla ya kurudi. Hapa kwetu mtandao ulivurugika tarehe 25 Juni 2024, siku ile vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Mwenye duka anaweza kuvumilia siku tano bila intaneti. Lakini yule anayemfanyia kazi mtu wa London, siku tano zinatosha mwajiri kutafuta mwingine. Na si siasa peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zilizo chini ya bahari zilikatika karibu na Afrika Kusini, na nchi nyingi za mashariki mwa Afrika zikabaki na mtandao wa kujikokota. Kwa hivyo ukiulizia nchi, uliza pia: uchaguzi ni lini, uchaguzi uliopita serikali ilifanya nini na mtandao, na nyaya zinazoingia ni ngapi. Stima pia usiisahau.

Tuchukue mfano wa Mauritius, kwa sababu ni Afrika na inatajwa sana. Kisiwa hiki kilipata uhuru tarehe 12 Machi 1968. Hakina jeshi la kudumu, polisi ndio wanaolinda nchi, na serikali hubadilishwa kwa kura. Mwezi Novemba 2024 upinzani ulishinda viti 60 kati ya 62 vilivyopigiwa kura, na waziri mkuu aliyekuwa madarakani akakubali kushindwa. Ni utulivu wa kuonewa wivu. Hata hivyo, siku chache kabla ya kura hiyo serikali iliamuru mitandao ya kijamii ifungwe mpaka baada ya uchaguzi. Watu walipiga kelele, na kesho yake amri ikaondolewa. Mimi naona mambo hayo mawili yote ni ya maana: kwamba hata huko amri kama hiyo inaweza kutolewa, na kwamba wananchi waliweza kuiondoa kwa siku moja.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, Mauritius ilianzisha viza iitwayo Premium kwa watu wa aina hii. Ni ya mwaka mmoja na inaweza kuongezwa. Ilipoanza haikuwa na ada, jambo ambalo wale mawakala wa mitaani hawatakuambia. Kiwango kilichowekwa ni mapato ya dola 1,500 kwa mwezi, yatoke nje ya Mauritius, pamoja na bima ya afya. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hizo ni zaidi ya shilingi 190,000 kila mwezi, si mwezi ule mzuri tu. Kabla ya kutafuta nauli, hakikisha nchi yako imo katika orodha yao. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja tu, na Kiingereza kinatumika ofisini. Lakini kuna msimu wa vimbunga: Januari 2024 kimbunga Belal kilijaza mji mkuu wa Port Louis maji, magari yakaelea.

Ulaya ni ghali zaidi, na masharti hupanda. Estonia ilianza mwaka 2020 ikidai euro 3,504 kwa mwezi. Baadaye ikapandisha hadi 4,500. Ureno, tangu Oktoba 2022, inataka mapato mara nne ya mshahara wa chini wa huko, kwa hivyo ule ukipanda, nawe unapandishiwa. Ureno hiyohiyo ilikuwa na nafuu ya kodi iliyowavutia wageni tangu 2009, lakini ikafungwa kwa waombaji wapya mwaka 2024. Aliyehama kwa ajili ya nafuu pekee alikuta mlango umefungwa, na nchi ilikuwa tulivu vilevile.

Kwa wengi wetu ambao mapato hayajafika huko, jirani yuko karibu. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Rwanda na Uganda kwa kitambulisho, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kukaa hadi miezi 6. Angalia tu kwamba pasi ya mgeni si kibali cha kufanya kazi. Ofisi ya uhamiaji ya huko ndiyo ya kuulizwa, si jamaa wa kijiweni.

Kodi nayo haibaki uwanja wa ndege. Kwa sheria yetu, mtu mwenye makao ya kudumu Kenya akija hata kwa siku chache anaweza kuhesabiwa mkaaji wa mwaka huo, na nchi nyingi nazo zinaanza kukuhesabu ukifika siku 183. Weka hesabu ya siku zako kwa daftari. Na barua ya mwajiri inayosema unaruhusiwa kufanyia kazi nchi nyingine, ipate mkononi kabla ya kukata tikiti. Kampuni nyingine zinamkataza mfanyakazi kuhama bila ruhusa, na ukijulikana umehama, mkataba unakatwa ukiwa tayari umelipia nyumba ya miezi mitatu.