Skrini ya OLED: Nuru Isiyozeeka kwa Usawa

Je, wajua ya kwamba ndani ya kila skrini ya kompyuta ya aina ya OLED mna bati, metali ambayo asili yake ni kasiterite, nayo kasiterite huchimbwa kwa wingi huko Bisie katika Walikale, mashariki mwa Kongo, na hupatikana vilevile katika milima ya Masisi iliyo nyuma ya Bweremana, kando ya Ziwa Kivu? Bati hilo huingia mara mbili: kwanza katika lehemu inayoshikamanisha vipande vya umeme, na pili, likiwa limechanganywa na indiamu, katika utando upitishao umeme na nuru kwa pamoja, ambao lau usingekuwapo, mwanga uliozaliwa ndani usingepata njia ya kutoka. Nimetanguliza habari hii ili msomaji wa kando ya ziwa hilo, aambiwapo kuwa chombo hiki ni cha ughaibuni wala hakimhusu, ajue kuwa kinamhusu tangu asili yake.

Wanunuzi wanaopima skrini mbili za OLED aghalabu hubishania jina la kampuni, ilhali tofauti ya kweli imo katika namna nuru inavyopatikana. Aina ya kwanza, WOLED, iliyokuzwa na LG Display, huwasha nuru nyeupe, kisha huipitisha katika vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu, huku sehemu ya nne ya kila nukta ikiachwa nyeupe ili kuongeza mwangaza. Ya pili, QD-OLED ya Samsung Display, ambayo iliingia katika skrini za kompyuta mwaka 2022, huanzia nuru ya buluu, nazo chembe za kwanta, zenye upana wa nanomita chache tu, huimeza na kuitoa ikiwa nyekundu au kijani. Kwa sababu hiyo QD-OLED huhifadhi ukolezi wa rangi hata mwangaza unapopanda. Lakini kwa kuwa haina kichujio cha kumeza mwanga wa nje, weusi wake hufifia ukawa wa kijivu chenye zambarau mara dirisha linapofunguliwa. Basi mwenye kucheza michezo usiku katika chumba cha giza na achague QD-OLED, na mwenye kufanya kazi mchana, katika nyumba za ukanda huu wa ikweta ambamo jua huingia kwa nguvu, na achague WOLED. Kwa wepesi wa kubadilisha picha, zote mbili ni hodari. Na kwa herufi ndogo, zote mbili huweza kuacha rangi pembezoni, maana nukta zao hazikupangwa kwa utaratibu uliozoewa na programu za kompyuta.

Jambo linalofahamika vibaya kuliko yote ni zile alama za kudumu ambazo watu huzihofu, wakidhani kuwa picha imekiunguza kioo. Hakuna kilichoungua. Kila nukta ina umri wake, na zile zilizo chini ya mstari wa menyu, au mahali ambapo mchezo huonyesha mabao, huwaka saa nyingi kuliko nyingine, zikazeeka mapema. Tena buluu ndiyo dhaifu kupita zote. Sababu ni hii: kwa kanuni za kwanta, katika kila hali nne za msisimko zinazozaliwa ndani ya utando utoao nuru, moja tu hutoa nuru kwa urahisi. Mwaka 1998 watafiti Baldo, Thompson, Forrest na wenzao walionyesha ya kuwa molekuli yenye metali nzito, yaani platini, huweza kuzitumia na zile tatu zilizokuwa zikipotea bure. Nyekundu na kijani zikafaidika, lakini buluu ikabaki nyuma kwa miaka mingi, kwa kuwa nishati yake ni kubwa kiasi cha kuvunja viungo vya molekuli zenyewe.

Kwa udhaifu huo mafundi wamebuni dawa ya kustaajabisha. Skrini inapozimwa kwa kitufe chake huendelea kuvuta umeme kidogo, ikazipima nukta, ikahesabu upungufu wa kila moja, kisha ikaandika katika kumbukumbu yake ni umeme kiasi gani uongezwe na wapi, ili picha ya kesho itoke sawa. Katika skrini nyingi kazi hii huchukua dakika chache, kila baada ya saa nne hivi za matumizi; na sharti lake ni moja, umeme usikatwe. Mwenye kutegemea jenereta, akiizima mara baada ya mchezo ili aokoe mafuta, huinyima skrini dawa yake usiku baada ya usiku, na alama zikidhihiri husema ameuziwa chombo kibovu. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa Bweremana lisiwe la bei, bali kama betri ya mtambo wake wa jua itasalia na akiba baada ya yeye kulala. Nawalaumu watengenezaji kwa kudhani kuwa kila nyumba ina umeme usiokatika, na wauzaji kwa kutomwambia mteja neno.

Lawama kubwa zaidi ni ya ubadhirifu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Bati la lehemu huyeyuka kwa joto dogo na laweza kutumiwa tena. Na ilhali bati hilo hutupwa jalalani, vijana wa Masisi huingia mashimoni kwa sururu na koleo kutafuta jipya, na mji wa Rubaya katika eneo hilo, mashuhuri kwa madini ya koltani, ulitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Ardhi itoayo madini hayo yastahili karakana za kutengeneza vyombo vyake na mafundi waliofunzwa, si mashimo peke yake.

Skrini hizi hufaa michezo, filamu, kuhariri picha, masomo ya mbali, hesabu za duka, barua. Atakayeinunua na aufiche mstari wa menyu, apunguze mwangaza, aweke mandhari nyeusi, wala asichomoe waya kabla skrini haijamaliza kujipima.