Sindano ya Kuzuia Damu Isiyohitaji Jokofu

Wengi wenu mmewahi kumsindikiza mama kujifungua usiku, kutoka Mbagala au Kimara, mkasikia kwamba alichomwa sindano ya paja mara tu mtoto alipotoka. Sindano hiyo ni oksitosini, homoni ile ile ambayo mwili wa mama huitengeneza. Huufanya mji wa mimba ukaze, na mishipa ya damu pale kondo lilipobanduka ikabanwa. Mji ukilegea, mama anaweza kupoteza uhai katika saa chache.

Shida yake ni joto. Oksitosini yatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006 tulimpokea mama kutoka kituo kimoja, amekwisha kuchomwa sindano, na khanga zote zimelowa. Tumbo lilikuwa laini kama unga wa maandazi. Tukamchoma nyingine kutoka jokofu letu la jenereta, tukasugua tumbo, mji ukakaza. Hatuwezi kuapa kwamba ile ya kwanza iliharibiwa na joto. Ila dawa iliyoharibika hivyo ukiitazama ni maji yale yale safi.

Oksitosini ni mnyororo mfupi wa pingili 9, uliofungwa kitanzi kwa daraja la salfa mbili. Wataalamu waliiga mnyororo huo, wakaondoa salfa moja na kuweka kaboni mahali pake, ili mwili usiukate upesi. Hiyo ndiyo kabetosini. Nguvu ya oksitosini mwilini hupungua nusu kwa dakika chache, ya hii kwa dakika 40 hivi. Baadaye wakabadilisha na maji inamochanganywa, ikaweza kukaa kwenye nyuzi 30 kwa miaka 3.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio la akina mama karibu 30,000 wa nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliotokwa damu nyingi au kuhitaji dawa ya nyongeza walikuwa kama 145 katika kila 1,000 kwa kabetosini, na 144 kwa oksitosini. Basi zilikwenda sawa. (Na oksitosini ya jaribio ilitunzwa kwenye baridi muda wote, jambo ambalo kwetu si la kila siku!)

Lakini kudumu huko kuna hatari yake. Dripu ya oksitosini ya kuongeza uchungu twaweza kuifunga mtoto akichoka. Kabetosini ikishaingia hairudi. Kwa hiyo hutolewa mtoto akishazaliwa tu, sindano moja.

Nanyi mnaokaa na mzazi, mwulizeni muuguzi awaonyeshe kushika tumbo chini ya kitovu. Liwe gumu. Likilegea, au kitambaa kikilowa upesi, mwiteni hapo hapo, hata kama mama amekwisha kuchomwa sindano.