Wimbo Ambao Hakuna Aliyeupiga

Mwaka 1992 kundi la Kimarekani la Kronos Quartet, watu wanne wenye fidla mbili, viola moja na chelo moja, lilitoa santuri iitwayo Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi wa Kiafrika. Santuri hiyo ilipanda hadi kileleni mwa chati ya muziki wa klasiki huko Marekani. Ndani yake mna kipande cha Mganda Justinian Tamusuza kiitwacho Ekitundu Ekisooka, yaani sehemu ya kwanza, ambacho alikitunga kabla hajamaliza masomo yake ya udaktari katika chuo cha Northwestern. Kwa hiyo kazi ya Afrika Mashariki iliyosikika mbali kuliko nyingi katika muziki wa aina hii ilitoka mkononi mwa mtu aliyekuwa bado anasahihishiwa madaftari. Nalitaja jambo hili kwa sababu nataka kutetea wazo ambalo wengi watalikuta geni: kwamba kijana wa sekondari katika milima ya Kilungu, kule Makueni, apewe nafasi ya kutunga muziki wa majaribio kwa kundi dogo la wapigaji, na kwamba nafasi hiyo inamfaa yeye zaidi ya inavyomfaa mwenzake wa Vienna.

Muziki wa chumba, kama unavyoitwa, ni muziki wa watu wachache, tuseme wawili hadi wanane, ambapo kila mmoja ana njia yake peke yake na hakuna kiongozi anayepunga kijiti. Kila mpigaji humsikiliza mwenzake ili ajue aingie lini. Ukiongeza neno majaribio, maana yake ni kwamba mtunzi hakubali fomu iliyokwisha pangwa. Anauliza sauti hii ikikutana na ile kutatokea nini, kisha anaandika ili ajibiwe. Swali la namna hiyo lilikwisha ulizwa Buganda zamani sana, hata kabla ya fidla kufika. Katika amadinda, marimba ya vibao kumi na viwili, wapigaji wawili huketi wakitazamana. Wote huenda kwa kasi moja, lakini pigo la mmoja huangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu hukaa kwenye vibao viwili vya juu kabisa. Njia hizo mbili zikishasukana, msikilizaji huanza kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Sikio ndilo linaloutunga, kwa kuokota sauti zinazokaribiana kimo kutoka kwa huyu na kwa yule. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria, aliyefundishwa na mpigaji wa Kiganda Evaristo Muyinda kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, aliandika mengi kuhusu muujiza huu. Tamusuza hakuhitaji kuusoma kwa Kubik. Alizipa nyuzi za Ulaya kazi ya sauti za kwao, na fidla zikalazimika kujifunza adabu ya Kiganda.

Mkamba, mwenyeji wa Makueni, naye ana hazina ya namna hiyo. Sikiliza magitaa ya benga ya Ukambani, yale ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers yaliyotamba katika miaka ya 1970 na 1980: gitaa moja linauliza, la pili linajaza pengo, besi inatembea njia yake, na raha yote imo katika mpishano wao. Kabla ya magitaa kulikuwa na kilumi, jina linalobeba ngoma na mchezo wake kwa pamoja, ambao kina mama wazee ndio walinzi wake na ambao umetumika kuomba mvua na uponyaji tangu zamani. Mtoto aliyelelewa akisikia mambo haya ana sikio lililozoea midundo miwili kuishi ndani ya wakati mmoja. Mwaka 1970 mtunzi Steve Reich wa Marekani alisafiri hadi Ghana kwenda kujifunza ngoma, kisha akatunga Drumming mwaka 1971. Alichokifuata kwa ndege, kijana wa Nunguni, huko Kilungu, anaweza kukisikia kwa miguu.

Lakini shule inamfundisha kijana huyo kitu gani anaposomea utunzi? Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutunga wimbo mfupi, kisha huandika sauti nne, soprano, alto, tenori na besi, kwa sheria zinazofundishwa kwa mfano wa tenzi za makanisa ya Ujerumani. Mojawapo inakataza sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa tano. Anayeivunja hukatwa alama. Hapa nina dai ambalo naona halijasemwa kwa sauti ya kutosha. Kikamba ni lugha ya toni: neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Waimbaji wanne wakitamka neno moja, huyu akipanda na yule akishuka kama sheria inavyopendelea, toni ya neno itakuwa imevunjwa katika baadhi ya vinywa. Nyimbo nyingi za Kiafrika huenda sambamba kwa sababu hiyo pia, ili neno libaki lilivyo. Mwanafunzi anayeandika sambamba, basi, huenda anaitii lugha ya mama yake, naye anapata wino mwekundu kwa utiifu huo. Muziki wa vyombo vichache, usio na maneno, au wenye maneno yanayobebwa na mwimbaji mmoja tu, unamtoa katika mtego huo.

Watakaopinga watasema kwanza kwamba mwanafunzi ajifunze kanuni kabla ya kuzivunja. Watanielekeza kwa mtunzi Mjerumani Mendelssohn, aliyetunga Okteti yake kwa ajili ya nyuzi nane mwaka 1825 akiwa na miaka 16, baada ya kunolewa kwa ukali na mwalimu wake Zelter. Nakubali, na mfano wenyewe naupenda, maana miaka 16 ni umri wa Kidato cha Tatu. Kanuni ni zana, na asiye na zana hajengi. Ila Mendelssohn alinolewa kwa kanuni za muziki aliokuwa akiusikia nyumbani na kanisani. Kijana wa Kilungu anaposomeshwa kanuni za upande mmoja tu, nusu ya sikio lake inabaki bila sarufi. Kutunga kwa majaribio ndiko kunakomlazimisha kuitafuta sarufi ile nyingine, kwa sababu huwezi kuandika mpishano wa kilumi kwenye karatasi mpaka umehesabu pigo la nani linaanguka wapi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Kilumi ni ibada. Kuichukua ngoma ya maombi na kuiweka jukwaani mbele ya waamuzi wenye kalamu kunaweza kuwa wizi, hata kama mwizi ni mjukuu. Kisa cha Halim El-Dabh kinatufaa hapa. Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri huyu aliyesomea kilimo alirekodi sauti za wanawake katika zaar, sherehe ya kutuliza pepo inayofanana kwa mengi na kilumi, kwa mashine ya kurekodia kwenye waya. Kisha studioni akazichuja sauti hizo na kuziongezea mwangwi hadi maneno yakayeyuka na kubaki kama ukungu wa sauti. Paris ilianza kufanya kazi ya namna hiyo mwaka 1948, kwa Pierre Schaeffer. El-Dabh aliondoa maneno, akabakiza mtetemo. Hiyo ni njia mojawapo ya heshima: chukua namna sauti zinavyosukana, uache dua mahali pake. Lakini haitoshi. Kina mama wenye ngoma waombwe ruhusa kabla, na wasikilizishwe baadaye. Wakikataa, kukataa kwao kuheshimiwe, na mtunzi atafute kwingine. Benga haina madhabahu.

Watakaosema gharama ni kubwa wanafikiria chelo. Mtaala wa umilisi umekwisha zizoesha shule kupiga rekoda, ile filimbi ya plastiki. Rekoda mbili, kayamba, ngoma na dumu la maji tayari ni kundi la watu watano, na simu moja ya mzazi ina uwezo mkubwa zaidi wa kurekodi kuliko mashine ya El-Dabh. Kinachokosekana ni mahali pa kupeleka kazi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limelea kwaya kwa karibu karne nzima, na nidhamu yake ni kitu cha kujivunia. Lakini mashindano hutuza kinachofahamika, na jaribio, kwa asili yake, halina kipimo cha kulinganishia. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Walioichagua njia hiyo wanahitaji zaidi ya wimbo wa lazima na kombe.

Kikao kimoja kwa muhula kingetosha kuanzia, darasani na si ukumbini, wasikilizaji wakiwa wamewazunguka wapigaji. Kila kazi isizidi dakika sita, ipigwe mara mbili mfululizo, kwa kuwa sikio huchelewa kuuona wimbo uliojificha katika mpishano. Alama zisiwepo. Mtunzi aeleze alichokuwa akikitafuta, wapigaji waseme walipopotezana, na miongoni mwa walioalikwa kuuliza awepo mama mmoja wa kilumi, akae mbele, aulizwe amesikia nini kabla mwalimu wa muziki hajaulizwa.